Mhudumu wa dharura anapokuuliza umelala wapi: kwa nini swali hilo ni sehemu ya tiba

Mtu anapofikishwa kituo cha afya akiwa hoi, mhudumu huangalia kwanza kama anapumua, kama mapigo ya moyo yapo, kama anavuja damu. Hapo hakuna mjadala. Lakini baada ya dakika hizo za kwanza yapo maswali mengine yanayoweza kuamua kama mgonjwa atapona, au atarudishwa kesho akiwa mahututi zaidi. Umelala wapi? Umekula nini tangu jana? Maji mnachota wapi? Nani amekuleta, na safari imechukua muda gani?

Kwa muda mrefu maswali hayo yalionekana kuwa ya maafisa ustawi wa jamii, si ya chumba cha dharura. Siku hizi wakufunzi wengi wa tiba ya dharura wanayaingiza katika mafunzo ya madaktari, maafisa tabibu na wauguzi. Makala hii inaeleza sababu zake, inavyohusu wakimbizi na jamii mwenyeji, na unachoweza kufanya ukifika mapokezi ukiwa na mgonjwa.

Nani hufundishwa huduma ya dharura?

Katika nchi zetu tiba ya dharura bado ni fani changa. Tanzania, idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kuwafunza madaktari bingwa wa fani hiyo. Uganda, Chuo Kikuu cha Mbarara kilianza mafunzo kama hayo mwaka 2017. Hilo linawagusa moja kwa moja wakaazi wa Nakivale na wenyeji wa wilaya ya Isingiro, kwa sababu wagonjwa mahututi wa huko hupewa rufaa kwenda hospitali ya Mbarara.

Hata hivyo wengi wetu hatukutani na daktari bingwa tukipata dharura. Tunakutana na nesi wa zamu au afisa tabibu. Kwa ajili yao, mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa kozi ya msingi ya huduma ya dharura. Ni kozi ya siku tano, na ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia. Inamfundisha mhudumu kufuata mpangilio mmoja kwa kila mgonjwa: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumvua nguo na kumwangalia mwili mzima. Baada ya hapo anauliza habari za mgonjwa: anaumwa nini, ana mzio gani, anatumia dawa gani, aliwahi kuugua nini, amekula lini mara ya mwisho, na nini kilitokea.

Maswali haya ya mwisho ndiyo mlango wa kuingilia katika maisha ya mgonjwa. Mafunzo yanayojali haki katika afya yanamtaka mhudumu aufungue mlango huo vizuri zaidi.

Kutenda haki si kumpa kila mtu kilekile

Watu wengi hukasirika wakiona mtu aliyefika nyuma yao anaitwa kwanza. Ni kweli kwamba upendeleo upo mahali pengine, na unastahili kulalamikiwa. Lakini katika chumba cha dharura foleni haifuati nani alitangulia. Mhudumu huwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, mara nyingi kwa rangi: nyekundu kwa anayehitaji kuonwa sasa hivi, njano kwa anayeweza kusubiri kidogo, kijani kwa asiye hatarini. Mtoto anayetetemeka kwa degedege atampita mtu mzima mwenye jino linalouma, hata kama mtu mzima huyo amekaa pale tangu alfajiri.

Hiyo ndiyo maana ya haki katika afya. Kila mtu apate anachohitaji ili awe na nafasi ileile ya kupona, si kila mtu apewe kipimo kilekile. Mama anayeishi jirani na kituo na mama anayeishi umbali wa saa tatu kwa miguu wakiambiwa wote wawili “rudi kesho mtoto akizidiwa”, wameambiwa maneno yaleyale. Lakini wa pili hakupewa huduma ileile. Kwake, “rudi kesho” inaweza kuwa hukumu ya kifo. Mhudumu aliyefundishwa vizuri atauliza umbali kwanza, ndipo aamue nani arudi nyumbani na nani alale wodini.

Umbali huo hauna uraia. Mkulima mwenyeji aliye kijiji cha mbali anaweza kuwa na safari ndefu kuliko mkimbizi anayekaa karibu na kituo. Ndiyo maana mafunzo haya hayawapi wahudumu orodha ya makundi ya kuhurumiwa. Yanawafundisha kumuuliza kila mgonjwa.

Mambo yanayotangulia ugonjwa

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliunda tume chini ya daktari Mwingereza, Michael Marmot, kuchunguza kwa nini watu wa mahali pamoja huugua na kufa kwa viwango tofauti. Ripoti ya tume hiyo ilitoka mwaka 2008. Ilionyesha kwamba afya ya mtu hutegemea sana mazingira anamozaliwa, anamokulia, anamoishi, anamofanyia kazi na anamozeekea, na kwamba mazingira hayo hutengenezwa na mgawanyo wa fedha, mamlaka na rasilimali.

Wakaazi wa makazi ya wakimbizi hawahitaji ripoti kulijua hilo. Mgao wa chakula ukipunguzwa, watoto wanaodhoofika huongezeka. Bomba likiharibika, kuhara hufuata. Jambo jipya ni kumfundisha mhudumu wa dharura kulitumia hilo anapotafuta ugonjwa wenyewe. Mifano mitatu inaonyesha jinsi linavyofanya kazi.

Mfano wa kwanza ni jiko la makaa. Familia nzima inaletwa asubuhi baada ya usiku wa mvua. Wote wanaumwa kichwa, wanatapika, mmoja amezimia. Ni rahisi kufikiri ni malaria au chakula kibaya. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaonyesha namba nzuri. Lakini kifaa hicho hakiwezi kutofautisha oksijeni na gesi ya sumu itokayo kwenye makaa, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kitakachomwongoza mhudumu haraka ni swali: “Mlilala na jiko ndani?” Jibu likiwa ndiyo, wagonjwa hupewa oksijeni mara moja, na familia huelezwa kwa nini jiko lisiingizwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kukiwa na baridi kali.

Mfano wa pili ni njaa inayofanana na ulevi. Mwanamume anapepesuka, anaongea maneno yasiyoeleweka, anatoka jasho. Walinzi wanasema amelewa, aachwe alale. Huenda kweli amekunywa pombe ya kienyeji. Lakini mtu aliyekunywa bila kula, au mwenye kisukari aliyemeza dawa tumbo likiwa tupu, sukari yake ya damu inaweza kushuka mpaka ubongo uharibike. Kozi ya msingi inasema wazi kwamba kila mtu aliyechanganyikiwa au kupoteza fahamu apimwe sukari, na kama haiwezekani kupima, apewe sukari. Ni kipimo cha tone moja la damu. Kinachozuia kipimo hicho mara nyingi si ukosefu wa kifaa, ni dharau: mtu ameshapewa jina la mlevi kabla hajaguswa.

Mfano wa tatu ni dawa isiyolingana na nyumba. Mtoto mwenye kuhara anaruhusiwa na pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini, kila moja ichanganywe na maji safi kiasi kilichoandikwa juu yake. Je, mama ana chombo cha kupimia lita moja? Ana kuni za kuchemshia? Mgonjwa wa kisukari anapewa insulini ambayo chupa yake isiyofunguliwa inahitaji ubaridi, na nyumbani hakuna friji. Mhudumu anayeuliza ataonyesha mama jinsi ya kupima kwa chupa ya maji ya dukani, na atamweleza mgonjwa jinsi chungu cha udongo chenye unyevu kinavyopunguza joto. Asiyeuliza ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa “hakufuata masharti”.

Upendeleo ambao mwenyewe hauoni

Jambo gumu zaidi katika mafunzo haya ni kumfanya mhudumu ajichunguze. Mwaka 1993 watafiti walichapisha matokeo kutoka chumba cha dharura cha hospitali moja ya chuo kikuu Los Angeles, Marekani. Waliangalia watu waliovunjika mifupa mirefu ya mikono na miguu. Kati ya wagonjwa Wazungu, asilimia 26 hawakupewa dawa yoyote ya maumivu. Kati ya wagonjwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, waliokosa walikuwa asilimia 55. Mwaka 2000 utafiti kama huo ulitoka Atlanta: asilimia 74 ya Wazungu walipewa dawa ya maumivu, lakini kati ya Weusi ni asilimia 57 tu, ingawa mifupa ilikuwa imevunjika vilevile.

Inawezekana hakuna hata mmoja kati ya madaktari hao aliyeamka asubuhi akiwa ameazimia kumtesa mgonjwa. Ndiyo maana tafiti hizi hutumika darasani. Zinaonyesha kwamba nia njema haitoshi, na kwamba namba zikipangwa kwa makundi huonyesha jambo ambalo jicho halilioni.

Hata vifaa vina upendeleo wake. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha kwamba kifaa kile cha kidoleni kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu. Kifaa hichohicho ndicho kinachotumika katika vituo vyetu. Hakipaswi kutupwa, kwa sababu bado kinaokoa maisha. Lakini mhudumu afundishwe kwamba namba ikiwa nzuri na mgonjwa anahema kwa shida, amwamini mgonjwa.

Mambo ya hapa kwetu yana sura nyingine. Upendeleo unaweza kufuata kabila, lugha, nchi mtu aliyotoka, nguo alizovaa, ulemavu, au kama ni mgeni aliyefika juzi. Wakimbizi hulalamika kwamba anayejua lugha ya nesi husikilizwa kwanza. Wenyeji nao hulalamika kwamba mashirika yanawajali wakimbizi peke yao. Kituo kinachotaka kujua ukweli kinaweza kufungua daftari lake na kuhesabu: nani alisubiri muda gani, nani alipewa dawa ya maumivu, nani alipewa rufaa. Zoezi hilo halihitaji kompyuta wala mfadhili.

Lugha na saa

Katika makazi yetu, mazungumzo ya dharura hupitia lugha mbili au tatu. Mara nyingi mkalimani ni mtoto aliyesoma shule ya hapa. Hilo ni hatari. Mtoto hawezi kumwuliza mama yake kama anatoka damu sehemu za siri, na mama hatamwambia mwanawe kwamba amepigwa na baba. Mafunzo yanasisitiza mkalimani awe mtu mzima, asiwe ndugu ikiwezekana, na asiwe yule anayeweza kuwa chanzo cha jeraha.

Hata Kiswahili chenyewe kinatofautiana. Mtu kutoka Kongo au Tanzania akisema ana homa, anamaanisha mwili una joto. Wakenya wengi wakisema homa, wanamaanisha mafua. “Moyo unaniuma” inaweza kuwa maumivu ya kifua, kiungulia, au huzuni ya msiba. Mhudumu makini humwomba mgonjwa aoneshe kwa kidole mahali panapouma.

Kisha kuna saa. Wengi wetu huhesabu kuanzia asubuhi, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni ile ambayo kwenye faili huandikwa saa 8. Mkalimani akitafsiri haraka, tofauti ya saa sita inaingia kwenye faili. Kwa mtu aliyekunywa sumu au aliyepooza upande mmoja ghafla, saa sita ni nyingi sana. Ukieleza muda, taja jambo linalojulikana: “kabla ya jua kuchomoza”, “watoto walipokuwa wanatoka shule”.

Mambo haya hufundishwaje?

Hotuba peke yake haibadilishi tabia. Kaskazini mwa Uganda, katika Hospitali ya Lacor mjini Gulu, kuna kozi ya tiba ya jamii iliyoanza mwaka 2010. Wanafunzi wa Uganda na wa nchi nyingine husoma pamoja ugonjwa na sababu zake za kiuchumi na kijamii. Mahali penyewe ni funzo: wakati wa vita, maelfu ya watu, wengi wao watoto, walikuwa wakilala uani mwa hospitali hiyo kila usiku kuogopa kutekwa.

Njia nyingine ni kukaa pamoja baada ya kifo na kuuliza muda ulipotelea wapi. Watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine, mwaka 1994, waligawanya ucheleweshaji unaoua akina mama wajawazito katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo unafaa kwa dharura yoyote. Tuseme mama ametokwa na damu nyingi akafa. Je, alimsubiri mume atoe ruhusa? Bodaboda alikataa kwenda usiku? Au alifika mapema akakuta aliye na ufunguo wa stoo hayupo? Kila jibu lina dawa yake, na si kila dawa iko mikononi mwa daktari. Ndiyo maana mikutano hiyo hufaa zaidi wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, wakikaribishwa. Wao ndio wanaojua yaliyotokea kabla ya lango la kituo.

Wakufunzi pia huwatembeza wanafunzi kwa miguu kutoka mtaa wa mbali hadi kituoni, wakati wa mvua kama inawezekana. Aliyetembea njia hiyo na tope magotini hatasema tena kwa wepesi, “Mbona mmechelewa?”

Mipaka yake

Mafunzo haya hayaleti dawa zilizokwisha stoo, wala hayaongezi mgao wa chakula au mafuta ya gari la wagonjwa. Nesi mmoja wa zamu mwenye wagonjwa 80 hawezi kuongea na kila mmoja nusu saa. Na kumwuliza mtu kama amekula, kisha kumwacha aende bila msaada wowote, kunaweza kumwongezea aibu. Kwa hiyo swali liende pamoja na hatua, hata iwe ndogo: kikombe cha uji kabla ya dawa, jina la mtu wa kumwona, au barua kwa ofisi ya ulinzi.

Mgonjwa naye ana haki ya kutojibu. Maswali haya ni kwa ajili ya tiba. Hayapaswi kuathiri hadhi yako ya ukimbizi wala mgao wako, na mhudumu anatakiwa kukueleza hivyo.

Unachoweza kufanya

Ukimpeleka mtu kituoni, mambo haya yatamsaidia mhudumu kukusaidia:

Sema dalili mbaya kwanza: hapumui vizuri, amepoteza fahamu, anavuja damu, ana degedege, ni mjamzito. Usisubiri kuulizwa.

Beba dawa zote anazotumia, pamoja na za kienyeji. Hakuna haja ya kuficha mitishamba. Mhudumu anahitaji kujua.

Eleza maisha yake kwa ufupi: unakaa mtaa gani, ni mbali kiasi gani, nyumbani kuna nani wa kumwangalia, amekula lini, mlilala na jiko ndani au la.

Kama huelewi lugha, omba mkalimani mtu mzima. Ukitaka kuongea faragha, sema hivyo. Mwanamke anaweza kuomba aongee bila mume au ndugu kuwepo.

Kabla ya kuondoka, rudia maelekezo kwa maneno yako mwenyewe. Kama nyumbani huwezi kuyatekeleza, sema palepale.

Aliyejeruhiwa au kubakwa aende kituo cha afya kwanza. Wengi hupoteza saa nyingi wakitafuta fomu ya polisi, wakidhani bila hiyo hawatatibiwa. Fomu ni ya kesi, na mtu asiachwe avuje damu akisubiri karatasi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa zianze haraka iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 72. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku tano, lakini kuiwahi ni bora.

Ujue pia sheria iko upande wako. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Imesema mtu, haikusema raia. Uganda, Mkataba wa Wagonjwa wa mwaka 2009 unampa kila mtu haki ya huduma ya dharura bila kudaiwa pesa kwanza, na unakataza ubaguzi. Ada katika vituo vya afya vya serikali zilifutwa mwaka 2001.

Ukiona umetendewa vibaya, andika tarehe, muda na yaliyotokea, kisha peleka kwa msimamizi wa kituo, kamati ya afya, kiongozi wa mtaa wako au dawati la malalamiko. Peleka pia habari za mhudumu aliyekuuliza vizuri na kukusikiliza. Wakufunzi wanahitaji mifano ya aina zote mbili.